Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Taharuki Kuhusu Ukatili wa Utotoni: Mwongozo kwa Anayeanza

Ninaposoma miswada ya waandishi wanaoanza, hukutana na maswali yale yale matatu. Wa kwanza huuliza kama riwaya ya namna hii ni lazima ianze na maiti. Wa pili huuliza atamfichaje mkosaji mpaka sura ya mwisho. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye hadithi nzito kuliko wenzake, huuliza kama inafaa kuandika juu ya watoto wanaowatesa watoto wenzao, kwa kuwa kwao mtoto huhesabiwa malaika. Nimeona ni heri niwajibu wote watatu mahali pamoja, kwa hatua ambazo unaweza kuzifuata ukiwa na kalamu mkononi.

Riwaya tunayoizungumzia ina nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ni taharuki ya kisaikolojia, yaani hofu inayotokana na yale yaliyomo kichwani mwa mhusika na wala si hofu ya mtu mwenye panga gizani. Uzi wa pili ni makuzi, safari ya mtoto kuelekea utu uzima. Nyuzi hizo hufungana pale mtoto anapofanya au kushuhudia jambo, akalinyamazia, na ukimya ule ukawa ndio uliomlea. Naamini kwa dhati kwamba kitisho cha riwaya hizi kimo katika ukimya wa waliojua kuliko katika kitendo chenyewe, na hatua zote zifuatazo nimezijenga juu ya imani hiyo.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1998, Zuhura na Neema, wote wenye umri wa miaka 13, wanaingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana kwenye nyanda za baridi za Tanzania. Neema hukojoa kitandani. Zuhura peke yake ndiye anayejua, kwa sababu wanalala dabodeka moja, mmoja juu na mwenzake chini, na kila alfajiri humsaidia kugeuza godoro kabla kengele haijalia. Wiki ya sita siri hiyo imeenea bweni zima, na wasichana wa kidato cha tatu wanamlazimisha Neema kulibeba godoro kichwani na kulizungusha uwanja wa paredi huku wengine wakipiga makofi. Usiku ule Neema anatoweka. Mwaka 2019, Zuhura, ambaye sasa huitwa Mama Rahma, anampeleka binti yake kuanza kidato cha kwanza, na matroni anayelipokea tranka la mtoto langoni anamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na daftari mbili, moja ya hadithi na nyingine ya tarehe na umri wa wahusika. Uwe na muda wa kudumu kila siku, hata ukiwa mfupi, kwa sababu maneno 500 kwa siku hutoa rasimu ya maneno 50,000 katika siku 100, na urefu huo unaitosha riwaya ya aina hii. Tafuta msomaji mmoja asiyekuonea haya.

Jambo la nne ni zito zaidi. Kama hadithi unayotaka kuiandika inafanana na uliyotendewa wewe, mtafute mtu wa kuzungumza naye wakati unapoandika, awe ndugu, rafiki au mshauri nasaha, kwa kuwa kumbukumbu hizi zikifunguliwa hazikubali kufungwa kwa saa unayoitaka wewe. Na kama katika kutafuta habari utakutana na mtoto anayeteswa leo, acha uandishi kwanza. Namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto nchini Tanzania na Kenya, nayo hupigwa bila malipo.

Hatua ya 1: Andika kitendo chenyewe kwa ukurasa mmoja

Kabla ya msuko, kabla ya majina mazuri, andika kilichotokea kwa lugha kavu kama ya taarifa: nani alikuwepo, nani alisema nini, nani aliondoka. Kisha ujiulize kama kweli ni ukatili au ni ugomvi tu. Mtafiti Dan Olweus, aliyefanya kazi nchini Norwei, alitoa vigezo vitatu vya uonevu ambavyo mpaka leo vinatumika: kuwe na nia ya kuumiza, kitendo kirudiwe, na nguvu za pande mbili zisilingane. Watoto wawili wa rika moja wakipigana kwa ajili ya mpira, hapo hakuna riwaya yetu. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, anayekojoa kitandani mbele ya wasichana wanaomzidi miaka miwili, wanaomcheka kila asubuhi, ana vigezo vyote vitatu.

*Kosa la kawaida:* kumfanya mtesaji awe mtoto aliyezaliwa mbaya. Msomaji akishaambiwa kwamba kiongozi wa kundi ana macho ya nyoka, hana tena la kuogopa, maana amekwisha kuonyeshwa wa kumlaumu. Mpe mtesaji wako jambo moja la upole ambalo ni la kweli.

Hatua ya 2: Mchague msimulizi mwenye fungu lake katika kosa

Wanaoanza wengi humpa usimulizi mwathirika. Hilo si dhambi, lakini mwathirika anajua alichotendewa, na taharuki humwia ngumu kwa sababu hana cha kuficha. Mtesaji naye akisimulia, msomaji humkimbia. Anayefaa zaidi ni yule wa katikati: aliyekuwepo, aliyeweza kusema, asiyesema. Katika mfano wetu ni Zuhura, na siri ya riwaya si mahali alipokwenda Neema bali ni nani aliyeitoa siri yake. Jibu ni Zuhura mwenyewe. Liandike jibu hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa maana wewe mwandishi lazima ulijue tangu siku ya kwanza, hata kama msomaji atalijua kwenye sura ya ishirini.

Hatua ya 3: Chora kalenda mbili na uhakikishe hesabu

Kwenye daftari la pili chora safu mbili, ya utotoni na ya utu uzima. Zuhura alizaliwa 1985, akamzaa Rahma 2006 akiwa na miaka 21, na Rahma anaanza kidato cha kwanza 2019 akiwa na miaka 13, umri ule ule wa mama yake wakati wa kosa. Sadfa hiyo si ya bure, kwa sababu kila Zuhura anapomtazama binti yake anajiona mwenyewe, na hapo ndipo hofu inapopata mlango wa kuingilia.

Hesabu hii pia itakulinda na makosa madogo yanayoua imani ya msomaji. Mwaka 1998 mwanafunzi wa bweni hakuwa na simu ya mkononi; habari zilikwenda kwa barua, kwa mgeni wa siku ya kutembelewa, au kwa kondakta wa basi. Kumbuka kwamba ukimya wa zamani ulikuwa na msaada wa umbali.

Hatua ya 4: Jenga mahali panapojulikana

Orodhesha vitu ishirini vya bwenini usivyohitaji kuvifikiria: ndoo zenye majina ya rangi, kufuli za tranka, taa inayozimwa na kiranja, harufu ya maharage kutoka bwalo, prepo ya usiku. Visome kwa sauti, kisha uchague vitano tu na uvirudie katika riwaya nzima mpaka vianze kutisha. Godoro lililoegemezwa ukutani likauke ni jambo la kawaida katika sura ya pili. Likionekana tena katika sura ya kumi na nane, nyumbani kwa mtu mzima, msomaji atasita kufungua ukurasa unaofuata.

Zijue na sheria za mahali na wakati wako. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Tukio letu la 1998 limetangulia kanuni hizo, ilhali maisha ya Rahma ya 2019 yako chini yake, na kitabu hicho cha adhabu kinaweza kuwa kifaa kizuri cha msuko pale mama mtu anapolikuta ndani yake jina ambalo hakulitarajia. Kwa upande wa Kenya, viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, kwa hiyo mwalimu anayechapa hadharani katika riwaya ya miaka ya baadaye anavunja sheria, na wahusika wako wanapaswa kulijua hilo.

Hatua ya 5: Ficha kwa kitenzi, usifiche kwa uongo

Naomba ukae hapa kwa muda, kwa sababu hatua hii ndiyo inayotenganisha mswada unaosisimua na mswada unaomghilibu msomaji. Msimulizi wako akimdanganya msomaji waziwazi, siri itakapofichuka msomaji atakasirika na haki atakuwa nayo. Lakini Kiswahili kimetupa njia ya kusema kweli huku tukificha mtendaji, nayo imo katika viambishi vya kitenzi.

Tazama sentensi hizi: *Siri ilijulikana. Siri ilitoka. Siri ilitolewa. Nilijikuta nimeitaja. Niliitoa siri.* Zote tano ni kweli kuhusu tukio moja. Ya kwanza haina mtu kabisa, kana kwamba siri ilijulikana kama mvua inavyonyesha. Ya pili inaipa siri miguu yake yenyewe. Ya tatu inakiri kwamba yupo aliyeitoa, bila kumtaja. Ya nne inamleta msimulizi lakini inamwonyesha kama mtu aliyepitiwa. Ya tano ni ungamo. Zigawe sentensi hizo katika sura zako kwa mpangilio huo, na utakuwa umeuandika mporomoko mzima wa nafsi ya Zuhura bila kueleza neno moja la saikolojia.

Fanya vivyo hivyo kwa viambishi vya nafsi. Katika sura ya pili Zuhura aseme, “Walipiga makofi.” Katika sura ya kumi na nne aseme, “Tulipiga makofi.” Karibu na mwisho aseme, “Nilipiga makofi.” Usitoe maelezo yoyote. Msomaji makini atarudi kurasa za nyuma kuhakikisha, na kule kurudi kwake ndiko taharuki unayoitafuta.

Tumia pia ukweli kwamba kiambishi *a-* hakimtofautishi mwanamume na mwanamke. Kivuli kilichosimama dirishani usiku ule kinaweza kuwa cha mlinzi, cha mwalimu au cha mwanafunzi, na unaweza kukiandika kurasa mia mbili bila kuvunja sarufi wala kusema uongo. Majina nayo yanakusaidia. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na mwenye cheo huitwa kwa cheo. Basi Zuhura ni Mama Rahma, na Neema, ambaye ndiye yule matroni wa langoni, ni Matroni tu, na wanawake hawa wawili wanaweza kuonana langoni kila siku ya kutembelewa kwa mwaka mzima bila yeyote kulitamka jina la mwenzake. Hakuna haja ya kumbadilisha mtu sura kwa ajali ya moto ili asitambulike.

*Kosa la kawaida:* kutumia ndoto. Ndoto tatu katika sura tano za mwanzo ni dalili kwamba mwandishi amekosa njia ya kuleta yaliyopita. Kifungo kinachopotea kwenye sare ya mtoto kinaleta yaliyopita haraka zaidi.

Hatua ya 6: Lisimulie tukio kuu mara tatu

Tukio la uwanja wa paredi lionekane mara tatu, na kila mara liwe na tofauti ndogo. Mara ya kwanza Zuhura akumbuke kwamba alikuwa mbali, karibu na bomba la maji. Mara ya pili akumbuke kwamba alikuwa katikati ya umati. Mara ya tatu akumbuke kwamba ndiye aliyemwekea Neema kata, yaani kitambaa kilichoviringwa, kichwani ili godoro lisimteleze.

Tofauti hizi si hila za mwandishi, maana ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi za magari yaliyogongana, kisha wakawauliza juu ya mwendo wa magari hayo kwa vitenzi tofauti. Walioulizwa kwa kitenzi kikali zaidi walitaja mwendo mkubwa zaidi, na juma moja baadaye wengi zaidi miongoni mwao walisema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali katika filamu hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Kitenzi kimoja kiliibadili kumbukumbu. Zuhura amekuwa akijisimulia kisa chake kwa vitenzi vilaini kwa miaka 21, hivyo anaposema alikuwa karibu na bomba la maji hasemi uongo anaoujua.

Hatua ya 7: Unganisha kosa na kukua

Hapa ndipo miswada mingi hupasuka vipande viwili: huku kisa cha kutisha, kule kisa cha msichana anayekua, na hakuna daraja. Jiulize mtoto wako alipata nini kwa kukosa kwake. Watoto hawasaliti bure. Huuza, na mara nyingi huuza kwa bei ndogo sana.

Katika mfano wetu, juma lile lile la sita Zuhura anavunja ungo. Yuko mbali na mama yake, na somo wala kungwi hakumpata, kwa sababu nyumbani walikubaliana mambo hayo yangojee likizo. Anaamini ameumia ndani na kwamba atakufa. Anayemkuta chooni akilia ni msichana wa kidato cha tatu, yule yule kiongozi wa kundi, ambaye anampa kitambaa safi, anamfundisha namna ya kukifunga, anamfuta machozi, kisha anamuuliza kwa sauti ya upole, “Na mwenzako wa kitanda cha chini, mbona kila alfajiri mnahangaika na godoro?” Zuhura anajibu. Hajalazimishwa wala hajatishwa, ameonewa huruma tu, na hakuwa na kitu kingine cha kumlipa aliyemhurumia.

Ukiipata bei hiyo ambayo mtoto wako alipokea, riwaya itajiandika yenyewe kwa sehemu kubwa. Usipoipata, usiendelee na hatua inayofuata.

*Tahadhari:* kama unaandika kuhusu jando au unyago, usiyatoe hadharani mafunzo ambayo wenyewe wameyaweka kuwa siri, na usiyafanye kuwa chanzo cha kitisho ili tu kumshangaza mgeni.

Hatua ya 8: Andika rasimu bila kurudi nyuma

Peleka sura za 1998 na za 2019 kwa kupokezana, lakini usizipime kwa rula. Sura ya utotoni inaweza kuwa na kurasa kumi na mbili na ya utu uzima ikawa na moja. Kila sura iishie kwenye jambo ambalo mhusika analijua na hajalisema. Majina ya watu halisi, ya shule halisi na ya walimu waliokufundisha yaondoe tangu rasimu hii, kwa sababu kuyaondoa baadaye ni kazi kubwa, na mtu anayejitambua kitabuni anaweza kukushtaki.

Ukikwama

*Msomaji wako wa kwanza amegundua siri mapema.* Muulize ni sentensi ipi iliyomwonyesha. Mara nyingi utakuta umeandika “sikujua kwamba siku moja nitajuta” au mfano wake. Ifute. Kama amegundua kwa kufuata *wa-* na *tu-*, usifute kitu.

*Sauti ya mtoto inasikika kama ya mtu mzima.* Punguza nomino dhahania. Mtoto hasemi “nilihisi upweke”. Husema kwamba siku ile hakuna aliyemwachia nafasi kwenye benchi la bwalo. Mpe vitenzi vyenye *-ka-* vinavyofuatana: akaja, akakaa, akanitazama, nikainuka.

*Katikati pamelegea.* Rudi kwenye daftari la tarehe, umtafute mtu mzima aliyejua na kunyamaza. Kila shule inaye. Anaweza kuwa mpishi aliyemlaza Neema jikoni usiku ule, karibu na majiko, na kumpandisha basi la alfajiri kwa nauli yake mwenyewe, bila kumwambia mwalimu yeyote.

*Msomaji anamchukia msimulizi.* Hilo si tatizo iwapo anaendelea kusoma. Akiacha kusoma, ongeza tukio moja la mapema ambamo msimulizi alikuwa rafiki mwema, kama vile zile alfajiri za kugeuza godoro, na uliandike polepole.

*Hujui umalizeje.* Waandishi wengi hutaka Neema awe amekufa, au amerudi kulipiza kisasi juu ya Rahma. Jaribu kumwacha hai na asilipize. Zuhura amengoja adhabu kurasa mia tatu, amemhamisha mtoto kitanda, amelala akiwa na simu mkononi, na matroni hajafanya lolote ila kazi yake. Siku ya mwisho ya muhula, wakati Rahma anafunga tranka, wape wanawake hao wawili benchi moja chini ya mti, na umpe Neema swali moja: “Ulipewa nini?” Zuhura ajibu kwa neno moja, *kitambaa*, na uweke nukta.

*Rasimu imekamilika na hujui uipeleke wapi.* Iache ipoe mwezi mzima, uisome yote kwa sauti, kisha fuatilia matangazo ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kama wewe ni Mtanzania, na ya Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika popote ulipo, mradi mswada wako ni wa Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno kabla ya kutuma, hasa idadi ya maneno.